Kabati la Wingu Halina Kitasa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya. Wakuu wa vitengo mliokaa mbele. Wastaafu wenzetu mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe:

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tangu tustaafu Idara hii ya Maji hatujawahi kuwekewa viti vyenye mito. Leo mito ipo, na maji ya chupa yapo. Tumekaa, lakini mikoba tumeipakata.

TULIKOTOKA

Zamani majalada yetu yalikaa masijala, ndani ya kabati la chuma zito kiasi kwamba siku lilipohamishwa ghorofa iliinama upande wa pili, chai ya wahasibu ikamwagika. Ufunguo alikuwa nao Bibi Chapa, mpiga chapa mkuu, yule pale nyuma mwenye mtandio wa kijani. Alichapa barua za kuachishwa kazi za nusu ya idara, pamoja na ya mumewe. Wakala chakula cha usiku pamoja, mume hajui kitu. Barua akaipokea ofisini asubuhi kama wenzake.

MAFANIKIO

Mwaka jana majalada yakapelekwa kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni fulani. Tukauliza wingu hilo liko wapi. Afisa Tehama akatucheka, akasema, "Wazee wangu, huko ni salama kuliko benki." Tukauliza kampuni yenye hizo kompyuta imesaini nini na idara. Akaangalia saa.

Hata hivyo tunashukuru. Fomu za matibabu siku hizi tunajaza kwa simu, miguu tumeinyoosha nyumbani.

CHANGAMOTO

Linki ya fomu hiyo, ukirudi nyuma hatua moja tu, inafungua kabati zima. Aliyegundua ni mwenzetu Fundi Bomba, ambaye kidole chake hutetemeka. Akakuta presha za watu wote, na sisi tukaikuta sukari yake, ambayo siku zote alituapia hana. Tulimcheka sana.

Kicheko kikatukauka ilipofika zamu ya Bibi Chapa, ambaye ameturuhusu kuyasema haya. Alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi na hakumwambia mtu. Binti yake alikuwa mjamzito. Mama akataka mjukuu azaliwe kwanza. Siku moja binti akapigiwa simu na muuza mitishamba asiyemjua: "Pole kwa mama. Saratani yake dawa ninayo." Namba ya binti imeandikwa mahali pamoja tu nje ya nyumba yao: kwenye jalada, penye ndugu wa karibu.

Tulipolalamika, tukajibiwa kwamba huenda mama mwenyewe alitoboa siri njiani. Bibi Chapa, atoboe siri njiani!

Tangu hapo haendi hospitali. Matibabu yake yanaendelea Jumatatu, naye amegoma. "Kila sindano wanaiandika," alimwambia mwenyekiti wetu, "na wakishaandika inasomwa sokoni. Bora nikae." Binti amelia, sisi tumesihi. Hajasogea.

MAOMBI

Jalada lifunguliwe na yule tu ambaye kazi yake inalihitaji. Tuambiwe majalada yanatunzwa wapi, kwa mkataba gani, na nani ameyachungulia. Taarifa zikivuja, mwenyewe aambiwe na ofisi kabla hajaambiwa na muuza mitishamba.

La mwisho, mgeni rasmi. Hotuba yako ya leo imo kabatini humo humo, juu ya fomu ya matibabu. Tumeisoma asubuhi. Ukurasa wa pili unasema umetusikiliza kwa makini, na kwamba taarifa zetu ziko salama. Mle mtu anaweza hata kuandika. Sisi hatukugusa neno, ila Fundi Bomba, kwa kidole kile kile, anasema hana hakika.

Kwa hiyo kabla hujasimama, tunaomba umwite Afisa Tehama, yule aliyejibanza nyuma ya spika, aifunge linki hapa hapa tukimtazama. Bibi Chapa ana simu mkononi, ataibonyeza linki mwenyewe. Ikikataa kufunguka, Jumatatu atakwenda. Ametuahidi. Tutasubiri, wastaafu hatuna haraka, yeye ndiye mwenye haraka.

Mungu akujalie afya njema, na habari za afya hiyo azifiche, wasiohusika wasizione.

Ni sisi,
Umoja wa Wastaafu wa Idara ya Maji