Kinywa Kilinikauka Nikiwa Kwenye Usukani

Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Nimeombwa niseme kwa ufupi katika mkutano wetu huu. Nitajitahidi, lakini habari za kinywa changu nimezificha miaka mitatu, na leo sizifichi tena.

Mnanijua, mimi ni dereva wa basi hapa ughaibuni, Woolwich. Kinywa kilianza kunikauka nikiwa kwenye usukani, ulimi unanata mdomoni. Maji niliogopa kuyanywa, maana dereva hawezi kuwaacha abiria akatafute choo. Nikawa namumunya peremende, pakiti nzima kwa shifti moja. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa najimaliza mwenyewe.

Fizi zikaanza kutoka damu. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba, harufu ya kinywa chako imebadilika." Nikanuna. Wiki hiyohiyo, kwenye kantini ya depo, nikauma mkate, jino likabaki ndani ya mkate. Wenzangu wote wakaona.

Daktari wa meno wa kwanza hakunitazama hata usoni. "Piga mswaki vizuri." Basi. Mimi niliyekuwa nikipiga mara tatu kwa siku! Nikaapa sirudi.

Mke wangu akakikataa kiapo hicho. Akanipeleka kwa daktari mwingine, mwanamke, na huyu akauliza: "Kinywa ni kikavu hivi kila siku?" Akanieleza kuwa kwenye hospitali ya meno kuna watafiti wanaowachunguza wagonjwa wa fizi wenye kinywa kikavu, waone kama wana kisukari bila kujua.

Nilipowaeleza hapa kwamba naenda kwenye utafiti, bila kutaja kinywa, baadhi yenu, simtaji mtu, mliniambia, "Watakufanya panya wao wa majaribio." Nikaenda na maneno yenu kichwani.

"Nikikataa leo, mtaacha kunitibu?" nikamuuliza mtafiti.

"Hatuachi. Unaweza kujitoa hata katikati."

"Na mate yangu mtakayoyapima yataenda wapi?"

Alijibu swali moja baada ya jingine, mpaka mimi ndiye niliyechoka. Ndipo nikatia sahihi.

Wakanipa kikopo niteme mate. Mtu mzima nikatema, nikatema, kikopo kikalowa chini tu. Wakapima fizi, wakanitoboa kidole kupima sukari kwenye damu. Mtafiti akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Umewahi kuambiwa una kisukari?"

"Sijawahi."

"Muone daktari wako kesho."

Kilikuwa kisukari kweli. Hapo nilitaka kunyamaza kabisa, maana niliwaza leseni: dereva wa basi mwenye kisukari lazima aseme, na anaweza kuzuiwa kuendesha. Siku mbili nilikaa na barua ya daktari mfukoni. Siku ya tatu nikaingia kwa meneja, nikaiweka mezani.

"Nina kisukari. Nipimeni mnavyotaka. Lakini usukani siuachi kwa uoga."

Nikasimamishwa wiki kadhaa. Nikameza vidonge, nikatupa peremende, fizi zikasafishwa mpaka kwenye mizizi ya meno. Madaktari wakaridhika, leseni ikabaki. Leo asubuhi nimeendesha.

Namshukuru mke wangu, hakuninyamazia. Namshukuru daktari aliyeuliza, na watafiti waliojibu. Hata ninyi mlionitisha, asanteni, mlinipa maswali.

Kinywa kikikauka na fizi zikitoka damu, usikubali kuambiwa ni uchafu wako ukanyamaza. Dai upimwe sukari. Ukiitwa kwenye utafiti, waulize mpaka uridhike. Ukikataa, kataa kwa kujua, si kwa uvumi.

Na anayetaka kulicheka pengo langu acheke sasa hivi, nimesimama hapa. Akimaliza, aje tuongee: kesho saa tatu asubuhi nawapeleka watu wawili kupimwa, na garini mwangu nafasi moja bado ipo.