Kengele ya Nguruwe wa Wido

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Gundobert, mkubwa wangu, kaa upande huu. Ansoald, acha kusimama pale kama mgeni, hii bado ni nyumba ya baba yako. Teutlinda, binti yangu, nishike mgongo nikae.

Mashamba ni ya wana wa kiume, ndivyo isemavyo sheria yetu sisi Wafranki, nami sina nguvu ya kuibadilisha. Lakini ng'ombe mweupe na kila kilichomo ndani ya nyumba hii ni vya Teutlinda, asije mtu akavikodolea macho. Nizikeni kando ya mama yenu. Hayo yamekwisha, sasa la kengele.

Keshokutwa, Gundobert, unasimama barazani mbele ya mtu wa mfalme. Jirani yetu Wido anakushtaki kwamba ulimwibia kengele ya nguruwe wake kiongozi, kundi likapotea msituni, mbwa mwitu wakajilia. Unataka ndugu kumi na wawili wa ukoo waape kwamba mikono yako ni safi, ndipo sheria ikuachilie, na mdogo wako amekataa kwa sababu alikuona. Jana nilikusikia ukimfokea, "Kama huwezi kuniapia, nenda kavunje vijiti, tujue huna ukoo!" Na wewe Ansoald, mwenye kichwa kigumu, ukaenda kweli mtoni kuvikata.

Usihangaike. Teutlinda, pitisha mkono juu ya boriti ya mlango. Umeviona? Vinne, vimekauka. Nilivikata mimi nikiwa na umri wa Ansoald, baba yangu mdogo alipohamisha mpaka wa shamba la mzee Sigo akataka tumwapie. Nilikusudia kuvivunja juu ya kichwa changu mbele ya baraza, nivitupe pembe zote nne, niwe mtu asiye na ukoo wala urithi. Niliogopa, nikaapa. Sigo akahama na watoto wake, gunia moja mgongoni, na aliponipita njiani akanisalimia kwa jina langu. Miaka hamsini, wanangu, salamu ile inaniuma.

Mnasema mfalme ameandika sheria kitabuni, basi haki ipo. Mfalme yuko mbali! Hajui mpaka wa Sigo wala nguruwe wa Wido. Hapa kijijini kitabu chake ni vinywa vyetu, na tukiapa uongo tumemfanya mfalme mwenyewe mwizi mwenzetu.

Ansoald, vichukue, ndio urithi wako kutoka kwangu. Ukilazimishwa kuapa, vivunje bila kuona haya. Sheria itasema wewe si mwanangu. Mimi nitasema ndiwe.

Gundobert, usiangalie chini. Inua mto wangu. Ndiyo, kengele hiyo hiyo. Niliikuta ndani ya pipa la shayiri nilipokuwa bado natembea, nimeilalia wiki tatu, shingo imekakamaa. Wewe si mtu mbaya. Wido alikucheka mbele ya watu, ukapandwa na hasira, na mimi nakupenda. Mpelekee sasa hivi, jua likiwaka, na usiifiche ndani ya joho. Ipige njia nzima, watu watoke milangoni. Hasara ya nguruwe uilipe kwa madume yangu mawili mekundu ya ng'ombe. Watakucheka mpaka mavuno, kisha watachoka. Nenda, mwanangu... nenda.

Teutlinda, acha mlango wazi. Nasikia... amefika kwenye kinu cha kusagia nafaka. Anaipiga kwa nguvu, huyo, kama mtu anayetaka ugomvi. Na Ansoald yuko wapi? Wamefuatana? Wote wawili? Usinidanganye, mama, mimi nakufa.

Basi vijiti... ameviacha hapa kitandani? Vitie motoni, uniwekee uji. Mungu awape... awape umri kuzidi wangu, na majirani wa kuwasalimu bila... Nyamaza kidogo.

Bado inalia.