Nailoni Chini ya Mchicha

"Mchicha wangu wa kwenye tuta la mbao umeota ukungu," muuguzi alimlalamikia mama aliyeketi naye kwenye basi, "na mchawi wangu namjua: wifi! Ndiye anayemwagilia nikiwa kazini."

"Hilo tuta, chini umetandika nini?"

"Nailoni, maji yasipotee bure."

"Umeitoboa?"

"Hapana."

"Sasa maji yatokee wapi? Umepanda mchicha kwenye beseni, mwenzangu! Wifi yako hana kosa. Fukua udongo, uitoe."

Muuguzi akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Nifukue wote? Nitaitoboa kwa nondo."

"Fukua!"

"Natoboa!"

Abiria wa nyuma, asiyeulizwa na mtu, akaunga mkono nondo.

Basi likasimama. Mvua ilikuwa inanyesha, na wifi alikuwa pale kituoni na mwavuli, kama kawaida yake. Leo muuguzi ndiye aliyewahi kumsalimu.