Restuta Chidawali na Lori Lililorudishwa Getini

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Restuta Chidawali anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha ushirika cha Mizabibu Mitatu, Hombolo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila nina hasira, na kwa ugonjwa wangu wa moyo sina muda wa kuzipoza.

Alianza kwa kuosha kreti. Miaka mitano baadaye alikuwa mpokeaji mkuu, akipima sukari ya kila mzigo wa zabibu. Alionja moja, akatema, akataja namba, na kipimo kikakubaliana naye. Wakulima wajanja walimwagilia shamba siku mbili kabla ya kuvuna ili zabibu zijae maji, ziongeze uzito. Aliwajua kabla turubai halijafunguliwa. "Kaka Silvano, umeniletea zabibu au umenibebea bwawa?" Foleni nzima ilicheka, Silvano naye akacheka huku akigeuza gari.

Mwaka 2011, nikiwa Meneja Mkuu, niliandika mkakati: tuache mvinyo hafifu wa kuongezewa sukari ya dukani, tutengeneze mvinyo wa kujivunia. Mkakati wote ulisimama juu ya amri moja: zabibu zenye sukari chini ya nyuzi ishirini zisipite getini. Bodi ikapiga makofi. Nikamwambia Restuta, "Hata za mwenyekiti, rudisha."

"Mzee, wakija juu nitasema nani kaniagiza?"

"Sema mimi."

Lori la kwanza kushindwa lilikuwa la mwenyekiti wa bodi. Restuta akalirudisha. Mchana huohuo wakulima walijaa uani, mwenyekiti mbele yao, wakitaka kujua nani kaamua. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Restuta. Nilisema mama huyu amezidisha ukali, mimi nilishauri tu. Alinitazama, akachukua kipimo chake, akarudi getini.

Wiki iliyofuata nilisaini barua ya kumshusha cheo kwa "kukaidi maelekezo". Miaka tisa akabandika lebo kwenye chupa. Amri tuliifuta, lakini msimu mmoja tu baada ya barua ile, wateja walipoanza kutukimbia, tuliirudisha ileile kimyakimya. Mvinyo ukapanda hadhi, na bodi ikanichinjia mbuzi kwa uongozi thabiti. Nilimla.

Mwaka 2020 meneja mpya, Bi. Frida, alimrudisha getini, na wapimaji wote tulionao leo ni wanafunzi wake. Lakini barua yangu bado imo kwenye jalada lake, na kwa sababu hiyo bodi imekataa kumpa cheti cha utumishi uliotukuka. Nilipopiga simu niliambiwa, "Mzee Yotham, hayo ni mambo ya zamani." Ya zamani vipi, ikiwa mnamhukumu kwayo leo?

Nimeiandikia bodi, kwa saini yangu, kwamba amri ilikuwa yangu na barua ile ni uongo. Itolewe kabla ya sherehe. Isipotolewa, nitabebwa hadi ukumbini niseme mwenyewe mbele ya wakulima walewale.

Restuta, asante kwa kazi yako. Sikuombi msamaha ili nife vizuri. Nataka wajue kwamba ulitumwa, na kwamba ulikuwa na ujasiri ambao aliyekutuma hakuwa nao. Nenda nyumbani Haneti na afya yako, ukale jasho lako kwa amani.

Yotham Lechipya
Meneja Mkuu mstaafu