Plastiki ya Kubeba Dawa

Msusi alikaa kwenye treni mkabala na mama muuza mabeseni na kijana mmoja, akijidai kutazama nje, kumbe masikio yote yako kwa mama.

"Mwanangu, plastiki nimeiuza ujana wangu wote. Leo niingizwe hiyo hiyo mwilini?"

Kijana wa maabara, aliyekwisha kujuta kutaja kazi yake, akacheka. "Mama, ni vifuko vidogo mno, havionekani kwa macho. Vinabeba dawa ya saratani hadi kwenye uvimbe, mionzi ikivipiga ndipo vinaiachia."

"Na vikipotea njia, vikaishia gotini?"

Behewa zima likaangua kicheko, na mama mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Ndiyo maana bado tunajaribu. Tunataka dawa isizurure."

"Na nywele zangu?"

Hapo msusi akasahau kujidai, akageuka kabisa.

"Huenda zikabaki, mama. Siwezi kukuahidi."

"Mnamsikia? Hawezi kuahidi, na daktari anataka jibu langu leo hii kama nitajaribiwa dawa hiyo!"

"Basi kataa," msusi akadakia.

"Nani kakwambia nakataa?"

Treni ikasimama kwenye kituo kilicho mbele ya hospitali. Mama akainuka, akaukamata mkono wa kijana kwa nguvu zake zote.

"Nipeleke. Lakini sijakubali!"