Kipa wa Redioni

Basi la Mombasa lilikuwa limepita Emali wakati mwuza vitunguu alipoirudia fainali ya mwaka huo wa 1984.

"Kipa Kiilu aliuza hiyo mechi, hakuna ingine," alimwambia jirani yake, mzee mwenye koti. Walikuwa wamejuana humo humo safarini. Mpira hauulizi majina. "Mtangazaji alisema mpira ilikuja pole pole. Hata mtoto angeshika!"

"Huyo kijana ameokoka, hawezi kula hongo," mzee akakataa. "Siku yake tu ilikuwa mbaya."

"Siku mbaya, mabao tatu?"

Kiti cha nyuma, Nthenya akafungua mdomo. Mumewe akamfinya gotini, anyamaze. Watu hawa walimjua Kiilu kwa redio tu, ndiyo maana walimsema huku ameketi nyuma yao, kidevu kifuani kama anayesinzia. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari hakuwa na dawa. Lakini alikuwa amemwapisha mkewe asimwambie mtu. Afadhali waseme ameuza, alisema. Aliyeuza mechi husamehewa akasajiliwa tena, lakini kipa asiyeona atachukuliwa na nani?

Basi likasimama Kibwezi. Nthenya akamshusha polepole. Mwuza vitunguu akaona wamesahau mfuko wao wa nguo, akautoa dirishani kwa roho safi.

"Bwana, daka!"

Kiilu akanyoosha ile mikono iliyowahi kushangiliwa nchi nzima. Mfuko ukapita katikati yake, ukaanguka vumbini.

Mwuza vitunguu akacheka. "Kwani na wewe wamekulipa?"