Hodi ya Mama Kitasa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mama Kitasa, afisa aliyewaangalia wafungwa walioachiwa kwa masharti. Miaka ishirini na sita ameifanya kazi hiyo, na wiki iliyopita ametutoka. Ukilia, sawa. Ila mwenyewe alikuwa mcheshi, kwa hiyo utacheka pia.

Jina hilo alilipataje? Asubuhi moja alimkuta mwanamume amesimama nje ya ofisi yake. Saa nzima amesimama, na mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo wala komeo.

"Mbona huingii, kaka?"

"Nasubiri kufunguliwa, mama."

Huyu alikuwa fundi seremala, ametoka gerezani baada ya miaka tisa. Miaka tisa, wasikilizaji! Miaka tisa hajafungua mlango hata mmoja. Kule hufungui, unafunguliwa.

Na maji yalikuwa shingoni. Sharti lake lilikuwa apate kazi ndani ya mwezi mmoja, la sivyo arudi ndani. Siku mbili kabla ya hapo karakana ya samani ilimwita. Akaenda, akasimama mlangoni, mpaka mwenye karakana akamtimua akidhani anavizia mbao. Siku zilibaki nne.

Mama hakutoa hotuba. Alimrudisha nje, akafunga mlango. "Piga hodi. Nikisema karibu, fungua mwenyewe." Mara ya kwanza jasho lilimtoka. Mara ya thelathini kitasa kikabaki mkononi.

"Umeharibu mali ya serikali," mama akamwambia. "Haya, kirudishe, fundi."

Akakirudisha, kikawa imara kuliko mwanzo, na jina la Mama Kitasa likaanzia hapo. Kesho yake wakaenda karakana ile ile. Mama akabaki barabarani, fundi akapiga hodi, akaingia.

"Si wewe uliyekuwa ukivizia?"

"Ndiye mimi, mzee. Nilikuwa nasubiri kufunguliwa."

Mzee akacheka hadi akakaa chini. Kazi ikapatikana.

Kisha mama akamwendea mkuu wa gereza. Akataka mlango usimamishwe katikati ya uwanja, mlango usio na nyumba, ili wanaokaribia kutoka wajizoeze. Mkuu akashika kiuno: "Mama, kazi yangu ni kufunga, wewe unaniletea kufungua?" Lakini mama alikuwa king'ang'anizi. Mlango ukasimama, na fundi yule ndiye aliyeutengeneza. Mpaka leo upo, na askari wanaitikia "karibu" hadi sauti zinawakauka.

Siku ya msiba fundi alifika. Binti mkubwa wa marehemu ametusimulia: "Mlango wetu ulikuwa wazi, watu wanaingia na kutoka. Yeye akaurudishia kwanza, akabaki nje, akapiga hodi. Tulizoea mama ndiye wa kuitikia, basi sote kimya. Ndipo baba akasema, 'Karibu, mwanangu.' Akafungua mwenyewe. Tukacheka na kulia kwa pamoja."

Kwako baba, na kwako binti pamoja na wadogo zako, poleni sana. Hata sisi hapa studio imetuuma, maana tulimpenda.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari. Wiki hii kuna mtu anatoka. Amejizoeza kupiga hodi, amejizoeza kufungua. Kuitikia ni juu yako.